Tajiri Ana Mshauri wa Kodi, Mnyonge Kapewa Nywila

Makamanda, kila 31 Machi ikikaribia swali ni lile lile: nijifanyie mwenyewe kwa programu ya mahesabu, au nimlipe mshauri wa kodi? Nitalijibu. Ila tuelewane kwanza kwamba kwenye nchi hii hilo ni swali la maskini. Mwenye kampuni kubwa halimsumbui, anavyo vyote viwili. Wewe na mimi tumepewa nywila, tukaambiwa huduma imesogezwa karibu.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Natoa risiti, nalipa kwa control namba kama wengine, na sina ugomvi na kompyuta. Programu inajumlisha vizuri kuliko mimi, haichoki, na haisahau awamu zote nne za mwaka. Kwa kazi hiyo itumieni.

Na walio wadogo kabisa hawahitaji hata hiyo programu. Chukua jedwali la makadirio la TRA. Mauzo yako ni milioni 5 kwa mwaka na huna kumbukumbu: unalipa 100,000. Una kumbukumbu: unalipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Hiyo 70,000 inaokolewa na daftari la buku mbili na kalamu. Mamantilie anayeandika mauzo yake kila jioni hana cha kumlipa mtu. Anayemwambia alete laki ili "amsaidie" ni kishoka, afukuzwe.

Shida inaanza pale mfumo unapokuuliza kitu kisicho hesabu. Kijana anayechora nembo na matangazo, ni mfanyabiashara wa kawaida au anatoa huduma za kitaaluma? Usicheke. Watoa huduma za kitaaluma hawamo kwenye jedwali lile la wadogo. Wao wanatakiwa kuandaa hesabu na wanatozwa kwa faida. Programu itakuletea viboksi viwili uchague kimoja. Ukibofya kisicho chako, itakokotoa kwa ufasaha kabisa jibu la mtu mwingine, na faini itakuja kwa jina lako, siyo la aliyeitengeneza.

Halafu kuna makadirio. Mwaka mmoja nililetewa karatasi yenye mauzo ambayo duka langu halijawahi hata kuyaota. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 za kupinga, na ili pingamizi lipokelewe unatakiwa ulipe kwanza kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Soma tena hapo. Umekadiriwa milioni 9 usizozijua, utoe milioni 3 ndipo usikilizwe! Sasa sheria hiyo hiyo inamruhusu Kamishna kupunguza au kuondoa amana hiyo ukiomba kwa sababu za msingi. Hilo sikuambiwa na mfumo wowote. Niliambiwa na mshauri niliyemlipa, akaandika barua, akapanga ankara zangu za manunuzi moja baada ya nyingine, akakaa mezani na afisa mpaka yale makadirio yakarudi kwenye mauzo niliyofanya kweli.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kujumlisha, tumia mashine, kubishana, tafuta mtu. Lakini mtu mwenye usajili, jina lake likiwa kwenye orodha ya washauri wa kodi waliosajiliwa. "Nina mtu wangu wa ndani" siyo taaluma. (Na ndiyo, usajili wenyewe unatolewa na TRA hao hao mnaobishana nao. Hilo nalo tutalizungumza siku yake.)

Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023, ikafunga tena Juni 2024. Wale hawakugoma kwa kukosa programu. Waligoma kwa sababu ya kamatakamata na makadirio wasiyoyaelewa. Watawala wao wimbo ni mmoja tu, mifumo isomane. Sawa, isomane. Mwenye genge anasomewa na nani?

Nchi hii ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwamba asiye na uwezo asiende mahakamani peke yake. Kwa nini aende peke yake mbele ya afisa wa kodi? Tunataka mshauri wa kodi wa bure kila wilaya kwa wote walio kwenye jedwali la wadogo, na theluthi ile ifutwe kwao. Wabunge wanaoomba kura zetu watwambie wako upande gani.

Na wewe mwenye karatasi ya makadirio mezani leo: siku zako 30 zilianza siku uliyoipokea. Andika tarehe hiyo juu ya bahasha, kusanya risiti za manunuzi na miamala ya simu, kisha mtafute mshauri wiki hii. Usisubiri siku ya 29.