Kila Kipimo na Kitu Chake

Watu wengi hudhani ya kuwa neno likishatoka katika maabara, basi limekwisha. Hapana tena la kuuliza. Nasema wamekosea, tena kosa lao ni kubwa, maana kipimo hakisemi kweli ila juu ya kitu kilichoundiwa. Nani apimaye maziwa kwa kamba, au shamba kwa kibaba?

Tazama yaliyotukia Marekani. Mwezi wa Februari 2015, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliyashutumu makampuni manne makubwa yenye maduka kwamba yaliuza vidonge vya mitishamba visivyokuwa na mimea iliyoandikwa juu ya chupa zake. Ushahidi wake ulikuwa vipimo 390 vya sampuli 78, vilivyotafuta DNA, yaani alama ya nasaba ambayo kila mmea huichukua ndani ya chembe zake. Asilimia 21 tu ya vipimo hivyo ndiyo iliyoonyesha mmea uliotajwa. Watu wakashtuka, na magazeti yakapiga mbiu.

Lakini wataalamu wa mimea na wa kemia wakakikataa kipimo hicho, hata baadhi ya wale waliozoea kuwalaumu wauza vidonge. Hoja yao ni nyepesi kufahamika. Vidonge vingi vya namna hiyo havitiwi majani yaliyosagwa, bali dawa iliyotolewa katika majani kwa maji au spiriti, ikachujwa na kukaushwa. Kazi hiyo huivunja DNA, au huiacha katika makapi. Chemsha majani ya chai, uyachuje, kisha utafute jani kikombeni. Usipoliona, je, utaapa kwamba hukunywa chai? Tena kipimo hicho chaweza kuona vumbi dogo la mmea mwingine, kisiseme ni kiasi gani.

Basi kipimo gani chafaa? Kwa dawa iliyochujwa, ni kromatografia, njia aliyoianzisha Mrusi Mikhail Tsvet alipotenga rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20. Nawe umekwisha kuiona darasani, ulipotia tone la wino juu ya karatasi ya kuchujia, rangi zikaachana. Hata hiyo hudanganyika: wako walioongeza rutini, kitu cha bei rahisi kitokacho katika mimea mingine, ndani ya dawa ya mti wa ginkgo ili hesabu itimie. Kwa hiyo mtaalamu hodari hukusanya mashahidi wengi: darubini na DNA kwa jani lenyewe, kromatografia kwa dawa iliyotoka humo. Mwezi wa Machi 2015, kampuni mojawapo ilikubali kupima DNA ya mimea kabla haijasindikwa. Hapo ndipo mahali pake.

Wako watakaosema kuwa nawatetea wachuuzi. La hasha! Mshtakiwa aliyeletewa ushahidi mbovu hakutakasika. Amefunguliwa mlango wa kukimbilia. Na mgonjwa aliyetoa fedha yake bado hajui alichomeza. Atakaye kumnasa mdanganyifu na aje na kipimo kisicholaumika.

Nanyi vijana, mtakapoambiwa, "Maabara imesema," ulizeni: imepima nini, na kwa njia gani? Msione haya. Mpimaji mwaminifu hafichi mizani yake.