Epo chachu na achari ya Jumamosi

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kuwapikia wenzetu hapa Nottingham, watu 25, watoto sijawahesabu. Pilau halinipi shida. Shida ni achari: kila mtu anataka ya embe bichi, na dukani kwa Wahindi zimekwisha. Hiyo ni Ijumaa usiku!

Jirani yangu, bibi wa Kiingereza, ana mti wa epo aina ya Bramley. Mwezi wa tisa zinaanguka hovyo, naye ananiletea mfuko kila wiki. Nilikuwa napokea kwa adabu, kisha natupa. Mungu anisamehe. Kumbe epo hizi ni za kupikia: kali kama embe bichi, zikipata moto zinapondeka zenyewe. Mti wa kwanza ulioteshwa kwa mbegu mwaka 1809, hapo Southwell, karibu tu na sisi.

Nikakatakata, nikatia chumvi, pilipili, bizari, siki na sukari kidogo. Zilizobaki nikazitia kwenye keki yenye iliki.

Mama mmoja akaonja, akasema, "Hii si achari mwanangu, hii chatne." Kweli kabisa. Lakini bakuli lilirudi tupu.

Jamani, tunang'ang'ania embe zilizopanda ndege, na matunda yanaoza uani kwa jirani. Nyumbani mama zetu walipika kilicholeta msimu. Kwa nini huku tuone aibu?

Jirani nimempelekea keki. Nyie mliko mnatumia nini badala ya embe?