Taa Moja Kati ya Mia: Uigaji wa Kitakwimu na Usalama wa Betri

Taa za sola zenye betri za lithiamu zimeenea mijini na vijijini, na baadhi hununuliwa kwa fedha za umma. Mara nyingi mnunuzi huletewa sampuli, huiwasha, akaridhika. Sampuli hiyo haielezi hali ya taa laki moja zitakazofuata.

Hakuna vipuri viwili vinavyolingana kabisa. Rezista ya asilimia 1 huweza kuzidi au kupungua kwa kiasi hicho. Seli ya kawaida ya lithiamu huchajiwa hadi volti 4.20, na mkengeuko unaokubalika ni volti 0.05 tu, ikizidishwa, maisha yake hufupika na hatari ya kuungua huongezeka.

Tuchukue saketi ya kuchaji yenye rezista mbili za thamani moja, kila moja ya asilimia 1, pamoja na kipuri cha volti rejea chenye mkengeuko wa asilimia 0.5. Makosa yote yakielemea upande mmoja, volti hukengeuka kwa 0.063, nje ya kikomo. Je, mchoro utupwe? Hapo ndipo unapohitajika uigaji wa Monte Carlo, mbinu iliyobuniwa na Stanislaw Ulam na John von Neumann huko Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1940, ikapewa jina la mtaa wa Monaco unaosifika kwa kamari. Kompyuta huunda taa 10,000 za kufikirika, kila moja na vipuri vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Ikiwa kila thamani ndani ya mipaka ina nafasi sawa ya kutokea, takriban taa 100 huvuka kikomo.

Moja kati ya mia huonekana ndogo mezani. Kwa taa laki moja, ni kaya elfu moja. Rezista zikibadilishwa ziwe za asilimia 0.5, hata hali mbaya kuliko zote haizidi volti 0.042.

Hata hivyo, uigaji hauwi sahihi kuliko dhana zilizoingizwa. Shehena nzima ya vipuri rejea ikielemea juu kwa pamoja, hesabu ya nafasi sawa itapotosha (na kompyuta haitamwonya mtu). Kwa hiyo, hati za zabuni zinapaswa kumtaka mzabuni awasilishe matokeo ya uigaji, dhana alizotumia, na vipimo vya volti vya taa zilizochukuliwa kutoka kila shehena.