Tuwafunze Vijana Alifu ya Tarakilishi

Imekita mizizi miongoni mwetu dhana kwamba kijana aliyefunzwa kubofya vitufe na kupiga chapa kwenye tarakilishi amehitimu. Kwa maoni yangu, huyo amefunzwa utumiaji tu. Ujuzi wenyewe bado hajauonja.

Wazazi wa Bondeni, hapa kisiwani Mombasa, wanajua fika namna elimu inavyojengwa. Mtoto apelekwaye chuoni kusoma Kurani huanza kwa alifu, be, te. Hufunzwa umbo la kila herufi, kisha irabu zake, ndipo aingie kwenye aya.

Michoro ya tarakilishi nayo ina alifu yake: nukta. Kioo chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo kina jumla ya nukta 2,073,600, na kwa kawaida kila moja hutengewa baiti nne za kumbukumbu. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mwanafunzi mwenye idhini ya mashine yake aweza kulifikia eneo hilo, mara nyingi kupitia faili iitwayo /dev/fb0, na kuiwasha nukta aitakayo kwa programu fupi ya lugha ya C. Kuipata nukta hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha tu. Kwa nukta ataunda mstari. Kwa mistari, herufi. Akikwama, msimbo wa Linux u wazi, ausome bila malipo.

Hapa ndipo penye maslahi ya Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu katika karne ya 19. Katika hati hizo herufi hubadili umbo kulingana na mahali pake katika neno, na sauti kama p na ch zahitaji alama ambazo Kiarabu hakina. Tarakilishi haizijui kanuni hizo mpaka iandikiwe. Tukiwaachia wageni kazi hiyo, watatuandikia wanavyotudhania. Mtegemea cha nduguye hufa hali masikini.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi.

Walimu wenzangu, tarakilishi kuukuu iliyotupwa stoo yaweza kuendesha Linux. Ifufueni, muwape wanafunzi nukta ya kwanza.