Msaada wa chakula nao ni soko

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika ukameza mashamba ya Rufiji na Kibiti kabla ya mavuno. Mwezi mmoja kabla ya hapo, nchi ilikuwa ikibishana juu ya msaada wa chakula: mchele ulioongezwa virutubisho na maharage kutoka Marekani, kwa ajili ya shule za Dodoma. Wengi waliishia kuuliza kama mchele ule ni salama, na hoja ya waziri wa kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, ikapita pembeni: fedha za msaada huo zinunue chakula kwa wakulima wa hapa, na virutubisho viongezwe hapa hapa. Mimi naona hoja hiyo iko sahihi hata kwa mtu aliyezingirwa na maji. Anayenunua chakula cha msaada ni mnunuzi kama wengine, na fedha zake lazima zimfikie mkulima fulani. Sheria ya Marekani ya msaada wa chakula ya 1954 ilitungwa, pamoja na mengine, ili ziada ya wakulima wake ipate pa kwenda. Hawakuficha. Sisi ndio tunaoona haya kumtaja mkulima wetu.

Atasema mtu: aliyefurikiwa atauza nini? Kwa wiki ile, hana kitu. Lakini mwaka huo huo Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia, iliyokumbwa na ukame, tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Bonde likiwa tupu, mikoa yenye ziada kama Rukwa na Ruvuma ipo. Tena mafuriko ya Rufiji hayaui kilimo chote. Maji yakishuka huja mlau: watu hupanda mahindi na kunde kwenye tope lenye unyevu, wakahamia kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Serikali, kwa Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, iliwahamishia vijiji vya mwinuko, lakini wenyewe waliendelea kushuka bondeni kulima. Sasa msaada ukichelewa, unga wa mbali ukagawiwa mlau ukivunwa, unamharibia bei yule yule uliokuja kumwokoa.

Pingamizi zito ni la ubora. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na hakuna shirika litakalonunua magunia yasiyopimwa. Mpunga wa delta ya Rufiji hutoka kidogo kidogo kwa mashua, kila mtu na gunia lake, unyevu wake na mchanga wake. Tangu 2008 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilijaribu kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, Tanzania ikiwemo, na kazi kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kukusanya, kukausha na kuhifadhi. Ila Kibiti haianzi sifuri. Korosho na ufuta vya wilaya hiyo hupita vyama vya msingi, hupimwa, hupangwa madaraja na kunadiwa kwa stakabadhi ghalani. Mpunga haujapewa heshima hiyo. Na anayehofia kwamba ununuzi wa ghafla utapandisha bei kwa maskini wa mji wa Ikwiriri, Rufiji, ana haki. Dawa yake ni kununua kwa awamu, kwanza mikoa yenye ziada, kisha bondeni, kwa mkataba uliosainiwa maji yangali mashambani, ili mwenye kupanda mlau ajue gunia lake litapokelewa ghala gani na kwa bei gani.