Tununue kasi tunayoweza kuitumia

Msimu wa ununuzi ulipokwisha, katibu wa chama kimoja cha msingi ninachokisaidia kwenye mahesabu aliniletea diski ndogo ya kubebeka, nyepesi kama kiberiti. Aliinunua mjini kwa bei ya kutupa. Kasha lilisema ni SSD ya terabaiti 16. Humo alihifadhi picha za stakabadhi za wanachama za miezi mitatu. Majina ya mafaili yalionekana, lakini mengi tuliyoyafungua yalikuwa yameharibika.

Tulipoipasua diski ile tulikuta kadi ya kumbukumbu, ya aina inayowekwa kwenye simu, imebandikwa kwa gundi. Kadi hiyo ilikuwa imechezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ikishajaa, faili jipya huandikwa juu ya la zamani bila onyo lolote. Bahati nzuri vitabu vya karatasi vilikuwapo. Hata hivyo makarani walianza kazi upya, na wakulima waliokuwa wakingoja malipo ya pili wakaendelea kungoja.

Kwa haki, SSD halisi ni kifaa kizuri. Haina sahani inayozunguka ndani kama diski za zamani, hivyo huvumilia mitikisiko ya pikipiki na barabara zetu. Aidha, ina kasi kubwa. Swali la mkulima na mfanyabiashara mdogo ni hili: kasi ipi inastahili kulipiwa?

Kasi inayoandikwa kwenye kasha ni ya juu kabisa, na hupatikana pale tu tundu la kompyuta na waya vinapoimudu. Tundu la USB 2.0, lililopo kwenye kompyuta nyingi za zamani, kwa kawaida halipitishi zaidi ya megabaiti 40 kwa sekunde. USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, hupitisha kama 400. Diski za megabaiti 1,050, mathalani Samsung T7, zinahitaji tundu la gigabiti 10. Zile za megabaiti 2,000 zinahitaji la gigabiti 20, ambalo kompyuta nyingi hazina.

Tuseme chama kina gigabaiti 50 za kunakili kila wiki. Kwa USB 2.0 kazi hiyo itachukua zaidi ya dakika 20. Kwa USB 3.0 ni kama dakika 2, na kwa tundu la gigabiti 10 ni kama dakika 1. Mafaili madogo yakiwa mengi, muda huongezeka kwa diski zote. Hatua ya kwanza inaokoa takriban dakika 18. Ya pili inaokoa dakika moja tu. Kununua diski ya megabaiti 2,000 kwa kompyuta ya USB 3.0 ni sawa na kununua lori la tani 10 wakati njia ya shambani inapitisha mkokoteni.

Kwa hiyo anza kwa kuitazama kompyuta yako. Kisha gawanya bei ya diski kwa idadi ya gigabaiti zake, ulinganishe maduka kadhaa. Terabaiti 16 zikiuzwa chini ya bei ya terabaiti 1 ya kampuni inayojulikana, hapo hakuna punguzo, kuna wizi. Lakini usigombane na muuzaji kwa sababu Windows inaonyesha gigabaiti 931 kwenye diski ya terabaiti 1. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024, basi.

Dai risiti na dhamana. Siku hiyo hiyo, kabla hujaweka chochote, ijaribu kwa programu ya bure, H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac. Programu hizi huijaza diski nzima, kisha huyasoma yote yaliyoandikwa. Diski ya uongo haipiti mtihani huo.

Kwa mtazamo wangu, fedha inayobaki kwa kuacha kasi usiyoihitaji inunue diski ya pili. Moja ikae ofisini, nyingine nyumba tofauti, maana moto na mwizi havichagui diski ya bei kubwa. Usiifungie SSD kabatini miaka mingi bila kuichomeka. Ikikosa umeme muda mrefu inaweza kupoteza kilichomo. Vilevile iwekee nywila, kwa kuwa majina na akaunti za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye makampuni. Sikubaliani nao. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 5, na sote tunajua risiti za mashine hufifia kabla ya hapo. Anayeomba mkopo naye huulizwa aliuza nini misimu iliyopita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lenyewe linaweza kupotea bila habari, nasi tukiwa tumelilipia.