Amri zisizosahaulika umeme ukikatika

Juma lililopita mwanafunzi wetu mmoja alituuliza hivi: «Mwalimu, umeme ukikatika, kompyuta husahau yale tuliyokuwa tukiyaandika bila kuyahifadhi. Mbona haisahau namna ya kuwaka?» Swali hilo lilitupendeza, kwani wengi wetu hutumia vyombo kila siku pasipo kuuliza neno.

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha silikoni, nacho chaitwa chipu ya fleshi. Humo zimetunzwa amri za kwanza, ambazo chombo huzisoma mara kinapopata umeme. Alama za amri hizo ni chembe za umeme zilizofungiwa katika vyumba vidogo mno, vyenye kuta za namna ya kioo pande zote, wala hakuna mlango. Kwa hiyo, umeme wa nje ukikatika, wafungwa hao hubaki ndani miaka mingi. Chumba cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1967 huko Marekani na Dawon Kahng na Simon Sze.

Zamani kuzifuta amri ilikuwa kazi kubwa. Chipu ya Dov Frohman, ya mwaka 1971, ilikuwa na kidirisha juu yake, nayo ilifutwa kwa kuangazwa dakika nyingi kwa miali isiyoonekana kwa macho. Ndipo Mjapani Fujio Masuoka, mfanyakazi wa Toshiba, alipoonyesha mwaka 1984 chipu inayofutika kwa umeme wenyewe, fungu zima kwa mara moja. Mwenzake alifananisha wepesi huo na mwako wa taa ya mpiga picha, na jina fleshi likatoka hapo. (Mwaka 2004 Masuoka alimshtaki mwajiri wake akidai malipo ya haki, mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Waliosoma barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi watakuwa na la kuwaza hapa.)

Lakini fleshi ina sharti lake: haiandikwi juu ya maandiko ya zamani. Lazima fungu lifutwe kwanza, ndipo liandikwe. Katikati ya kufuta na kuandika, chipu ni tupu.

Jambo hilo sisi tulilijua kwa majuto. Tulitaka kuipa kompyuta ya shule amri mpya, na mvua ilikuwa inakuja. Umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Uliporudi, taa ndogo iliwaka, lakini kioo kilibaki cheusi. Vyombo vingine vina nakala ya akiba ya amri. Chetu hakikuwa nayo. Matokeo ya wanafunzi yalikuwa salama ndani, lakini hayakufikika, nasi tukayaandika yote upya kwa mkono, usiku tatu, kutoka madaftari ya walimu.

Baadaye fundi wa mjini aliibana chipu hiyo kwenye miguu yake minane, akaiandika amri kutoka kompyuta yake. Kazi ikamalizika kabla chai haijapoa.